Kirusi cha Mwalimu wa Jiografia

Alikuwa na tabia ya kufunga madirisha ya darasa kabla hajaanza kufundisha, hata jua likiwa kali kiasi cha kulainisha lami ya barabara ya Malaba. Wanafunzi walilalamika kwa chini, wakambandika jina la Siberia, naye alilijua akalinyamazia. Alisema baridi aliyoipata akiwa kijana ilikuwa bado haijamtoka mifupani. Mimi nilipohamia shule ile kufundisha Kiswahili nilimkuta amevaa sweta nzito mwezi wa Januari, anakunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa wala sukari, na alinitazama kama mtu anayekadiria mgeni huyu atadumu muda gani. Nilidumu. Tulikaa meza moja katika chumba cha walimu kwa miaka mingi, kisha tukawa majirani huko Bukhayo, na bado siwezi kusema nilimjua vizuri. Sasa hayupo, na watu wanaponiuliza alikuwa mtu wa namna gani, nachoka kabla sijaanza kujibu.

Alikuwa mtu wa ramani ambaye hasafiri. Alifundisha mito ya Asia na milima ya Amerika kama mtu aliyeoga katika kila mmoja na kulala juu ya kila mlima, lakini tangu arudi nyumbani hakuwahi kupita Eldoret. Hata Uganda hakwenda. Kutoka kwake hadi lango la mpaka ni safari fupi ya bodaboda, na sisi wengine tulivuka kama mtu anayevuka barabara, kufuata ndizi, mchele au bei nzuri ya kitenge. Mke wake, aliyeuza mitumba katika soko la Busia, alivuka kila wiki. Nilimuuliza siku moja kwa nini yeye havuki. Alisema alishavuka mpaka mmoja maishani mwake na ulimtosha.

Kila mtu alijua kwamba alisomea Urusi, enzi zile vijana wetu walipokuwa wakichukuliwa kwa ndege kupelekwa kusoma bure. Namna alivyorudi ndiyo hakuna aliyeijua, kwa sababu kila mtu alisimuliwa vyake. Mwalimu mkuu aliambiwa kwamba serikali iliwaita warudi. Watu wa kanisani waliambiwa kwamba baba yake alifariki akaja kuzika, na nauli ya kurudia ikakosekana. Mimi aliniambia ni ile baridi. Nilipokutanisha hadithi hizo tatu sikumwambia, maana alikuwa mtu ambaye ukimkamata kwenye kona anakaa kimya wiki nzima, na meza yetu ilikuwa ndogo.

Darasani Kirusi kilimtoka bila kutaka. Akiandika ubaoni neno la Kiingereza kutoka kwenye kitabu cha wanafunzi, alisimama kidogo, midomo ikicheza, kisha akalitamka kwa Kirusi kama anayejikumbusha jina la mtu. Aliwaambia wanafunzi kwamba pale Waingereza wanapopaita Mashariki ya Kati, Warusi wanapaita Mashariki ya Karibu, na ni mchanga uleule na mafuta yaleyale. Mwanafunzi mmoja aliuliza nani yuko sahihi. Mwalimu alisema inategemea umesimama wapi. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa mambo mengi, pamoja na yale yasiyohusu jiografia, na kusema kweli kuna siku lilituudhi. Ukimuuliza kama mtihani wa majaribio ulikuwa mgumu, inategemea umesimama wapi. Ukimuuliza kama nyama ya kantini imeiva, ni hivyohivyo.

Alikuwa na majivuno pia, lazima niseme. Hakupenda kusahihishwa. Mwalimu mmoja kijana aliyetoka chuo alimwambia mbele ya watu kwamba nchi fulani aliyoitaja ilishabadilisha jina zamani. Alijibu kwamba milima yake haijabadilika, akachukua chaki zake akatoka. Kesho yake alirudi na jina jipya, akalifundisha kana kwamba yeye ndiye aliyelitoa.

Alistaafu kabla yangu. Kwa muda tulionana tu njiani, yeye akitoka shambani na mimi nikitoka shule, tunaulizana habari za mvua. Kisha Jumamosi moja alasiri akabisha hodi kwangu, shati limechomekwa, viatu vimepigwa rangi, simu mkononi. Aliniomba mtandao. Nyumba yake iko mahali ambapo simu hushika laini ya Uganda bila kuulizwa, ikakumezea pesa huku ikikukaribisha nchi ya watu ukiwa umekaa kitandani kwako. Kwangu, upande wa pili wa kilima, mtandao ulikuwa wetu na wenye nguvu. Nilimpa kiti barazani. Alikaa, hakupiga simu. Halafu akaniambia, kwa sauti ileile ambayo angetumia kuripoti kwamba kifutio cha ubao kimepotea, kwamba ana binti Urusi. Alimwacha hajaanza kutembea. Sasa alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye mvi zake, ndiye aliyemtafuta mwalimu akampata kupitia rafiki wa zamani wa mwalimu aliyeko Nairobi, na alikuwa amesema atapiga simu saa kumi.

Nilimuuliza saa kumi ya huko au ya hapa. Hilo lilimfurahisha. Alisema saa ni ileile, kwa sababu ukitoka hapa ukaenda kaskazini moja kwa moja bila kukata kona utafika karibu na mlango wake, labda usogee kidogo mashariki.

Binti huyo alikuwa mtafsiri katika mji wa Voronezh. Alikuwa amepewa kitabu cha Kiingereza cha msafiri mmoja aliyezunguka nchi za ziwa letu, akigeuze kiwe Kirusi, na kitabu kilijaa majina na misemo ya mahali ambayo kamusi zake hazikuwa nayo. Nilidhani katika simu ile ya kwanza atamuuliza baba yake kwa nini aliondoka. Nilijitayarisha kuingia ndani niwaache. Alimuuliza "up-country" maana yake nini.

Ikawa hivyo kila Jumamosi, karibu miaka miwili. Mwalimu alikuwa hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo simu ilikaa juu ya meza ikipaza sauti, na mimi nilisahihisha insha zangu pembeni. Walichanganya Kirusi na Kiingereza, na wakikwama alinigeukia mimi kwa Kiswahili. Ile "up-country" iliwachukua Jumamosi nzima. Binti alikuwa ameandika nchi za juu, yaani milimani. Mwalimu akasema hapana, mtu anaweza kwenda up-country huku anateremka. Aliniuliza sisi tunasemaje, nikamwambia watu wa pwani wangesema bara. Alifikiri sana, kisha akatoa neno la Kirusi, glubinka, akanieleza kwamba limetokana na kina, kama kina cha maji. Ni sehemu ya ndani, mbali na miji mikubwa, na wenyewe hulitamka kwa huruma kidogo. Mwingereza akienda kijijini anapanda, akasema, na Mrusi anazama. Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na mwalimu aliikazia macho ile simu kama kitu kilichopiga chafya.

Kuna Jumamosi walizungumzia ziwa. Msafiri wa kile kitabu aliandika "the Lake" kila mahali, kana kwamba msomaji anajua ni lipi, lakini Kirusi hakina kale ka-the, kama Kiswahili kisivyokuwa nako, na binti aliogopa kwamba ziwa letu litakuwa ziwa lolote tu. Wakakubaliana kuweka herufi kubwa. Siku nyingine ilikuwa zamu ya mdomo wa mto Sio. Mwalimu alifurahi kwamba Mwingereza na Mrusi wote wanaupa mto mdomo, akabishana nami kwa nini sisi tunasema mlango. Nikamwambia mtu anaingia kwa mlango, maji pia. Alimtafsiria binti yake hilo, na akamweleza kwamba jina lenyewe la mto, kwa Kiswahili, ni kukana, ni kama kusema siyo huu. Yule mwanamke wa Voronezh aliuliza kama mto huo basi ni upi. Walicheka wote wawili, mmoja hapa na mwingine kule.

Si kwamba walipatana kila mara. Kirusi cha mwalimu kilikuwa cha zamani. Binti alimwambia anazungumza kama redio ya bibi yake, na baadhi ya maneno aliyoyang'ang'ania hayakuwa yakitumika tena. Alinuna. Wiki iliyofuata hakuja kwangu, simu yake ikalia huko kwake kwenye mtandao wa Uganda mpaka ikanyamaza. Wiki ya pili alikuja kimya, akakubali neno la binti, akasema tu kwamba lile lake lilikuwa na sauti nzuri zaidi.

Jambo lililonisumbua ni mke wake. Nilimuuliza mwalimu kama mkewe anajua. Alisema atamwambia. Hakumwambia. Hatimaye mama mwenyewe alikuja barazani kwangu Jumamosi moja akitoka sokoni, mfuko wa mitumba begani, kuniuliza kama mume wake ana mwanamke, maana mzee mzima hawezi kuwa anapiga viatu rangi kila Jumamosi bila sababu. Aliuliza hivyo mwalimu akiwa ameketi palepale nyuma yangu, simu ikiongea Kirusi. Mama akasikiliza ile sauti.

"Huyu ni nani unaongea naye?"

"Ni mtoto wangu," mwalimu akasema. "Wa kule."

Mama aliteremsha mfuko wake chini taratibu. "Miaka yote hii umeficha mtoto kama mtu anaficha magendo."

Aliondoka bila kuuchukua ule mfuko, nikampelekea jioni. Hakuongea na mwalimu kwa muda mrefu, na mimi alinisalimia kwa shingo upande, kwa sababu baraza ilikuwa yangu. Sikumlaumu. Kilichombadilisha sikijui, labda ni uchovu tu, maana hasira ni kazi na yeye alikuwa na kazi nyingine za kutosha. Baada ya mavuno alianza kumwambia mwalimu, kupitia kwangu, amsalimie huyo msichana. Kisha akauliza kama ana watoto. Alipojua hana, alisema basi aje hapa ale ugali wa mtama, watu wa kule hawajui kula.

Siku ambayo siisahau ni ile ya sura ya mwisho. Yule msafiri alikuwa amefika huku kwetu, amepita Busia na kulala mahali fulani kabla ya Malaba, na aliandika kwamba hapa ni "the back of beyond." Mwalimu alikasirika mara moja. Alisema hapa si nyuma ya kitu chochote. Malori yote ya kutoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali yanapita hapa, yanalala hapa, madereva wanakula hapa. Hata kile kipande kati ya malango mawili ambacho Waingereza hukiita nchi isiyo na mtu kina watu wengi kuliko shule aliyofundisha. Binti alimwacha amalize. Akasema hawezi kumsahihisha mwandishi, kazi yake ni kutafuta maneno ya Kirusi, na anayo tayari, ila anataka kumuuliza kwanza. Akayasema. Nilisikia yalivyokuwa mafupi. Mwalimu akamjibu kwa Kirusi, maneno machache. Kuku walipita chini ya meza na hakuwafukuza, yeye ambaye hakuwapenda.

Simu ilipokatika alinieleza. Warusi wakitaka kusema mahali ni mbali kupita kiasi, husema ni kwa shetani, huko vinamasini. Binti alimwambia kwamba anayajua maneno hayo tangu utotoni. Kila alipomuuliza mama yake baba yuko wapi, jibu lilikuwa hilo. Yuko kwa shetani, vinamasini. Alikua akidhani ni jina la nchi. Aliwahi kulitafuta kwenye ramani ya shule.

Nilimuuliza alimwambia nini. Alisema alimwambia aandike hivyohivyo. "Nimemwambia mama yake alikuwa mtafsiri mzuri."

Kitabu kilitoka. Nakala moja ilifika Busia imefungwa vizuri, na mama akaiweka kwenye kabati la kioo pamoja na vikombe vya wageni, mahali ambapo hakuna anayeweza kuisoma. Na mwishoni mwa mvua za masika binti mwenyewe akaja.

Aliruka hadi Entebbe kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu, akaja kwa barabara, kwa hiyo alitokea upande wa Uganda. Tulikwenda mpakani sisi watatu kumpokea. Tulimwona anatoka kwenye lile jengo la uhamiaji akivuta sanduku katikati ya wabadilisha pesa na vijana wa bodaboda wanaomwita boss na dada kwa pamoja. Paji lake la uso lilikuwa la baba yake, hukuhitaji kuonyeshwa. Mwalimu alipiga hatua mbili mbele akanyoosha mkono. Walisalimiana kwa mikono kama watu waliokutana kwenye mkutano wa elimu. Mama ndiye aliyemkumbatia, akamshika shavu, akamwambia kwa Kiswahili kwamba amekonda.

Alikaa wiki moja na kidogo. Mwalimu alimtembeza. Walikwenda Sio Port kuuona ule mto ukiingia ziwani, wakaenda Funyula kuiangalia milima ya Samia, kwa sababu Kiingereza huiita vilima na binti alitaka kuona kwa macho yake kama alichagua neno la Kirusi la ukubwa unaofaa. Walisimama barabarani, mama akaniambia, wakinyoosha vidole huku na huku kama wakaguzi wa barabara. Usiku ni habari za maji na udongo, asubuhi ni habari za maji na udongo. Mama alichoka nao. Aliniuliza, wewe mwalimu wa lugha, hao watu wataongea lini? Nilimwambia labda ndiyo wanaongea. Hakuniamini, na hata mimi nilikuwa nikimtuliza tu.

Binti aliondoka kwa njia aliyojia. Sikwenda kumsindikiza, nilikuwa nasimamia mtihani. Mama alisema tu kwamba siku ya mwisho walijifungia ndani, akasikia sauti zikipanda, na msichana akatoka macho mekundu, akala ugali wote aliowekewa. Mwalimu sikumuuliza. Alianza kukonda, na Jumamosi hakuja tena kwangu kwa sababu mama alimnunulia simu yenye laini mbili, ya huku na ya Uganda.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa kwenye benchi la hospitali pale Busia. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya presha. Yeye alikuwa amefika mapema, foleni haisogei, ameegemeza kichwa ukutani, sweta imekuwa kubwa kuliko mtu. Nilikaa kando yake. Tulizungumza juu ya bei ya mahindi, kisha tukaishiwa. Nilidhani amesinzia. Akaanza kusema mwenyewe, macho yamefungwa.

Alisema siku ile ya mwisho binti alimuuliza. Na yeye alikuwa na hadithi zake zote tayari, ya serikali, ya mazishi, ya baridi, akaziona hazina nguvu ya kusimama. Akamwambia hakuna mtu aliyemzuia kurudi Urusi. Alikuwa na nauli. Alichoka tu kuwa mgeni, kutazamwa dukani na ndani ya basi kila siku inayokuja, akafika huku nyumbani akalala, na alipoamka hakutaka tena kuondoka. Ndiyo hivyo. Mtoto alikuwa na miezi kadhaa.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Alisimama akanigombeza. Akaniambia wewe ni mwoga." Alifungua macho. "Unajua, Kirusi kina wewe mbili. Iko moja ya mtu wa nje, mtu mkubwa, mtu wa ofisi. Na iko ya mtu wa nyumbani. Tangu siku ya kwanza kwa simu, huyu msichana ameniita na ile ya ofisi. Hata hapa nyumbani, mezani, ile ya ofisi. Sijawahi kumwambia abadilishe. Ningemwambiaje?"

Muuguzi alitoka na kuita jina la mtu mwingine. Mwalimu alimsubiri apite.

"Mwoga, alisema na ile ya nyumbani."

Nilimuuliza, na sasa je, akipiga simu. Alitafuta fimbo yake chini ya benchi kwa mguu.

"Bado ananigombeza," akasema. "Nimeze dawa, nivae sweta, nisilime na jua. Kila Jumamosi. Ile ya ofisi hajairudia tena."